KUHAMIA MOMBASA: MAMBO YA KUPIMA KABLA YA KUFUNGA MIZIGO



Wazee wa Mombasa husimulia kwamba jina la Mwembe Tayari lilitokana na mwembe uliokuwa mahali pale, ambao watu wa misafara walikusanyika chini yake kabla ya kwenda bara. Mizigo ilifungwa na chakula kikahesabiwa, na kila mtu alipokuwa tayari ndipo safari ilipoanza. Siku hizi mambo yamegeuka. Kwa miaka mingi Mwembe Tayari pamekuwa mahali pa kushukia abiria wa mabasi yatokayo bara, na baadhi yao hushuka na vyombo vyao vyote, magodoro na masufuria, kisha ndipo waanzapo kuuliza nyumba ziko wapi, kazi iko wapi, na maji yapatikana wapi. Watu wa misafara walijitayarisha kabla ya kuondoka; hawa hujitayarisha baada ya kufika. Mazungumzo haya yamekusudiwa kwa mtu ambaye bado yuko kwao, anafikiri, wala hajauza kitu.

Si ajabu kwamba mji huu huwavuta watu. Mombasa ni mji wa pili kwa ukubwa katika Kenya, lakini si mkubwa wa kumpoteza mtu. Hesabu ya watu ya mwaka 1962 ilionyesha wakazi wapatao 180,000. Hesabu ya mwaka 2019 ilionyesha watu 1,208,333 katika kaunti nzima, hali Nairobi mwaka huo ilikuwa na watu 4,397,073. Mtu aliyechoka na misongamano ya Nairobi, au aliyechoka kungoja mvua shambani, husikia kwamba Mombasa maisha ni ya taratibu na watu ni wakarimu. Tena safari imekuwa nyepesi. Reli ya zamani ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ikafika Nairobi mwaka 1899. Reli mpya, iliyofunguliwa mwaka 2017, humfikisha abiria Miritini kabla jua halijabadilika sana. Lakini wepesi wa kufika ni jambo moja, na wepesi wa kukaa ni jambo jingine.

Na uchukuliwe mfano wa fundi wa cherehani wa Machakos, mwenye mke na watoto watatu. Ana kibanda cha kodi sokoni, kishamba kidogo nyumbani, na wateja wanaomjua kwa jina. Ndugu yake aliye Mombasa amempelekea habari kwamba huko kazi ya kushona haikatiki: sare za shule, kanzu za Idi, nguo za harusi. Je, fundi huyu ahame? Kuna mambo matano yampasayo kuyapima.

KAZI

Jambo la kwanza ni kazi yenyewe. Sehemu kubwa ya fedha za Mombasa hutoka baharini: ama bandarini Kilindini, ama katika hoteli za pwani. Fundi anaweza kusema kwamba yeye si kuli wala si mpishi wa hoteli, kwa hiyo hayo hayamhusu. Yanamhusu sana, maana wateja wake watakuwa hao hao.

Zamani kazi nyingi za bandarini zilikuwa za vibarua wa siku: meli ikija kuna mshahara, meli ikichelewa hakuna. Katika miaka ya 1950 desturi hiyo ilianza kupunguzwa, watu wakaandikwa kazi ya kudumu. Kisha yakaja makontena, na mzigo uliobebwa na mabega ya watu wengi ukawa unainuliwa na winchi moja. Mwaka 2019 serikali iliagiza mizigo iendayo bara ipelekwe kwa reli na kutolewa Nairobi. Wenye malori na maghala, makanika, na wauza chakula wa Changamwe na Miritini wakaona biashara zao zinapungua, na maandamano yakafanyika. Mwezi wa Septemba 2022 Rais William Ruto alitangaza kwamba kazi ya kutoa mizigo irudi Mombasa. Hoteli nazo zina majira: wageni huwa wachache wakati wa masika, na mwaka 2020, maradhi ya korona yalipoingia, nyingi zilifunga milango kabisa.

Kwa hiyo fundi asiulize tu kama kazi iko. Na aulize kazi hiyo huwa na hali gani katika mwezi mbaya, na kama akiba yake yaweza kumvusha miezi mitatu ya namna hiyo.

CHUMBA

Jambo la pili ni chumba, na hili lina historia yake. Katika mwaka 1939 wafanya kazi wa Mombasa waligoma, na moja katika malalamiko yao makubwa lilikuwa kodi ya nyumba: wengine walipewa nyumba au posho ya nyumba, wengine hawakupewa chochote. Mwezi wa Januari 1947 watu wapatao 15,000 waliacha kazi kwa muda wa siku kumi na mbili hivi, mji mzima ukasimama, kwa sababu mshahara ulikuwa haukutani na bei ya chakula na kodi. Waliokuwa wakigoma hawakuwa wavivu wala watu wasio na kazi. Kazi walikuwa nayo. Ila mshahara uliosifiwa kule bara ulipofika Mombasa uliliwa na chumba.

Mgeni wa leo naye huanzia chumbani. Katika mitaa kama Majengo, hatua chache kutoka Mwembe Tayari, nyumba nyingi za zamani ni za Kiswahili: ukumbi katikati, vyumba huku na huku, na uani mahali pa kupikia, pa kuogea na choo, ambapo wapangaji wote hushiriki. Ni nyumba nzuri kwa mtu anayejua kuishi na watu. Lakini familia ya watu watano iliyozoea nyumba yake na kiwanja chake haina budi kujua kwamba chumba kimoja kitakuwa cha kulalia, cha kulia na cha kuwekea cherehani. Mwenye nyumba huenda akataka kodi ya mwezi wa kwanza pamoja na ya amana kabla ya kutoa ufunguo, na fedha hizo hazina budi kuwako mfukoni siku ya kwanza.

ARDHI

Jambo la tatu huwapata wale wenye akiba kubwa kidogo, wanaotaka kununua badala ya kupanga. Mombasa iko jambo ambalo watu wa bara wengi hawalijui, nalo huitwa nyumba bila ardhi. Mtu mmoja ndiye mwenye ardhi. Mwingine amejenga juu yake kwa idhini na hulipa kodi ya ardhi. Mwenye nyumba aweza kuiuza nyumba yake, lakini kile anachouza ni kuta na bati tu. Ardhi iliyo chini haimo katika biashara hiyo.

Asili ya jambo hili ni ya zamani. Pwani hii ilikuwa katika ule ukanda wa maili kumi uliokuwa milki ya Sultani wa Zanzibar, na ambao Waingereza waliutawala kwa mapatano ya mwaka 1895 hata Kenya ilipopata uhuru mwaka 1963. Sheria ya mwaka 1908 iliwataka wenye madai ya ardhi waje kuyaandikisha. Walioandikisha walipata hati. Wengi waliokuwa wakikaa na kulima bila kuandikisha walijikuta ni wapangaji au maskwota juu ya ardhi waliyoizaliwa. Ndiyo sababu hata leo mwenye ardhi akiiuza, au warithi wake wakitaka kujenga ghorofa, wenye nyumba walio juu yake wanaweza kuambiwa waondoke.

Basi mtu akiambiwa kwamba nyumba Kisauni au Likoni inauzwa kwa bei ya ajabu, swali lake la kwanza na liwe hili: je, ni pamoja na ardhi? Na jibu asilichukue mdomoni mwa dalali. Alitafute katika ofisi ya ardhi, kwa nambari ya kiwanja.

MAJI NA VIVUKO

Jambo la nne ni maji, ya kunywa na ya kuvuka. Kisiwa kimezungukwa na maji, lakini maji yake matamu hutoka mbali. Bomba la Mzima, lililokamilishwa mwaka 1957, huleta maji kutoka chemchemi zilizo Tsavo, mwendo wa zaidi ya kilomita 200. Mengine hutoka Baricho kwenye mto Sabaki, na Marere na Tiwi upande wa Kwale. Bomba likipasuka huko mbali, mifereji ya mjini hukauka, na maji hununuliwa kwa mitungi ya lita ishirini kutoka kwa wenye mikokoteni. Visima viko, lakini maji ya vingi vyake yana chumvi. Kwa hiyo katika hesabu ya mwezi maji hayana budi kuandikwa karibu na chakula. Na katika jambo hili anayefaa kuulizwa kwanza ni mke wa fundi, kwa kuwa yeye ndiye atakayeamka alfajiri kungoja mfereji.

Kuhusu kuvuka, mtu na aangalie kazi yake iko upande gani na kitanda chake upande gani. Kaskazini kuna daraja la Nyali, lililojengwa mwaka 1980 mahali pa daraja la kuelea la mwaka 1931. Magharibi kuna njia ya Makupa. Kusini, Likoni, watu huvuka kwa feri. Mwenda kwa miguu halipi, bali hulipa kwa saa zake. Likoni vyumba huwa nafuu kuliko kisiwani, lakini fundi mwenye kibanda Mwembe Tayari atavuka mara mbili kila siku, na siku feri zikipungua, mteja wa asubuhi atakuta kibanda kimefungwa. Nao watu wa pande hizo hawajasahau tarehe 29 Aprili 1994, feri ya Mtongwe ilipozama na watu 272 wakafa.

MAJIRANI

Jambo la tano ni watu. Mombasa ni mji wa wageni tangu kale. Waswahili, Wamijikenda, Waarabu, Wahindi na watu wa bara wamekaa humo bega kwa bega, na mgeni mwenye adabu hupokewa. Lakini haifai kuficha kwamba urafiki huo umepata kuvunjwa. Mwezi wa Agosti 1997, miezi michache kabla ya uchaguzi mkuu, watu wenye silaha walishambulia kituo cha polisi cha Likoni, na baada yake watu wa bara waliuawa na maelfu wakayakimbia makazi yao. Nyuma ya machafuko yale kulikuwa na siasa, na kulikuwa pia na uchungu wa kweli wa vijana wa pwani walioona ardhi na kazi zikienda kwa wengine.

Kwa hiyo anayehamia na ajue kwamba anaingia nyumbani kwa watu. Na apige hodi, aamkie wakubwa, ajifunze Kiswahili cha pale badala ya kukicheka, ahudhurie maziko ya jirani hata kama dini ni mbali mbali, na mwezi wa Ramadhani asile barabarani mchana mbele ya watu waliofunga. Kama kazi yake itahitaji msaidizi, na amtwae kijana wa mtaa ule ule amfundishe kushona. Kufanya hivyo ni wema, na ni ulinzi pia, kuliko kufuli mbili mlangoni.

HESABU YENYEWE

Baada ya kuyajua haya, fundi afanyeje? Wahenga walisema: usiache mbachao kwa msala upitao. Asiuze kishamba wala asirudishe ufunguo wa kibanda. Na aende peke yake kwanza, akae mwezi mmoja. Wala asiende Desemba, wakati mji umejaa wageni na kila biashara inang'aa, bali aende Mei, mvua ikinyesha, hoteli zikiwa kimya. Apange chumba kama mtu mwingine yeyote, asikae bure kwa ndugu yake, maana chumba cha bure huharibu hesabu. Kila jioni aandike kwenye daftari: alichopata, alichotoa kwa kodi, maji, nauli na chakula.

Mwisho wa mwezi na alipe daftari hilo jina la ukweli. Atoe gharama, kisha azidishe chakula na maji kwa watu watano badala ya mmoja, aongeze karo ya watoto. Kinachobaki akilinganishe na kile abakiacho nacho Machakos katika mwezi mbaya. Kikiwa kikubwa, amlete mkewe naye akaone ule uani, ule mfereji na ile shule, kwa macho yake mwenyewe. Na neno la mke lisiwe la mwisho kuulizwa. Wote wawili wakikubali, mizigo na ifungwe. Kikiwa kidogo, fundi arudi kwenye cherehani yake bila haya. Atakuwa amepoteza mwezi mmoja na kodi ya chumba kimoja. Wako waliopoteza shamba, kibanda na wateja wa miaka kumi, kwa sababu ya habari njema waliyoletewa na ndugu aliyeona haya kusema kwamba yeye mwenyewe analala kwenye chumba cha watu wanne.