Sale ya mtaa si depo

Maneno tuliyosoma mbele ya bazee, bamama na vijana, komini ya Kenya, Lubumbashi



Leo ni siku ya mposho. Kila mtu hapa iko na kazi yake: soko, kufua nguo, kilio cha jirani, mpira wa batoto. Lakini mumekuja, na kila mmoja amebeba kiti chake kutoka nyumbani. Tunasema asante sana.

Wengine wameuliza juu ya nini tunakutana chini ya mwembe, wakati sale iko hatua mia moja tu kutoka hapa. Jibu munalijua. Sale iko na kufuli. Ndani kuna mifuko ya simenti ya mfanyabiashara. Hatutataja jina la mtu wala la ofisi, kwa sababu hatukuja kutukana. Tuliandika barua, tukaipeleka, nakala yetu ikapigwa muhuri. Tukarudi mara tatu kutafuta jibu. Mara ya tatu tuliambiwa hivi: vijana, ile sale ilikuwa ya wazungu, sasa haina mwenyewe.

Haina mwenyewe. Neno hilo ndilo limetufanya tuwaite leo. Tulienda kuuliza bazee, tukasoma, tukaulizana sisi kwa sisi: sale na vyama vya mji huu vilitoka wapi? Na ni kweli kwamba havina mwenyewe?

Tuanze mwanzo. Mji huu ulianzishwa 1910, na reli kutoka kusini ilifika mwaka uleule. Watu walitoka kila upande: Rhodesia, Nyasaland, Kasai, Maniema, na vijiji vya hapa Katanga. Mtu alifika peke yake, bila mjomba, bila baba mkubwa. Akiugua, nani atamletea maji? Akifa, nani atachimba kaburi?

Hapo ndipo vyama vilizaliwa, mbele ya sale yoyote kujengwa. Kati ya vile vya zamani kulikuwa vyama vya ngoma ya beni, iliyotoka mbali kule pwani, Mombasa na Lamu, ikapanda na reli na njia za kazi mpaka huku kwetu. Watu wa beni walivaa kama askari, walijipa vyeo vya mfalme, jenerali na daktari. Mzungu aliyepita aliona mchezo. Mzungu wa polisi aliona hatari. Lakini nyuma ya ngoma kulikuwa na kazi nyingine: mchango wa mgonjwa, mchango wa maziko, kumpokea mgeni aliyeshuka kwenye gari moshi bila kujua mtu. Hakuna aliyewapa nyumba. Walikutana uwanjani, kama sisi leo.

Kisha wakaja wenye pesa na wenye amri. Kuelekea mwisho wa miaka ya 1920, Union Minière iliamua kwamba mfanyakazi asirudi kijijini kila mara. Aje na bibi yake, azae kambini, batoto wasome kambini, ale mposho wa kampuni. Hata jina la siku ya leo, siku ya mposho, ni kumbukumbu ya chakula walichokuwa wanagawia bazee wetu. Serikali ya mkoloni nayo ikapanga mitaa ya watu weusi kando ya mji wa wazungu. Kamalondo wakati ule iliitwa Albert. Kenya yetu (si ile ya Nairobi!) ikakua pembeni yake, baadaye Katuba na Ruashi.

Mu mpango ule nyumba za kukutania zilipewa nafasi. Foyer social ilikuwa ya bamama: kushona, kupika, kulea mtoto. Cercle ilikuwa ya makarani na walimu, wale walioitwa évolués: kusoma magazeti, kusikiliza mafundisho, kujadiliana. Wamonaki Wabenedikto walikuwa na Cercle Saint-Benoît. Na vijana walipewa kiwanja cha mpira. Mwaka 1939 Wabenedikto walianzisha timu ambayo leo dunia nzima inaiita TP Mazembe. Mwaka uleule, upande wa watu wa reli, ikazaliwa Saint-Éloi Lupopo.

Tusidanganyane, bandugu. Hawakujenga kwa mapendo tu. Mtu aliye ndani ya sale unamwona, unamhesabu, unasikia anasema nini. Mtu aliye gizani hauwezi kumhesabu. Sale ilikuwa zawadi, na ilikuwa pia jicho.

Lakini muangalie watu walifanya nini na zawadi ile. Mwezi wa Desemba 1941, wakati wa vita, bei zilikuwa zimepanda na mshahara ulikuwa mdogo. Wafanyakazi wa Union Minière wakaacha kazi. Hapa Élisabethville walikusanyika wapi? Kwenye kiwanja cha mpira. Mahali walipopewa ili wacheze na wanyamaze, ndipo walisimama na kusema. Tarehe 9 Desemba askari wakapiga risasi kwenye umati. Hesabu ya serikali ya mkoloni ilisema watu 48 walikufa. Kati yao alikuwa Léonard Mpoyi, karani aliyesema kwa niaba ya wenzake. Kila kijana wa mji huu anayekwenda kuangalia mpira angepaswa kujua habari hii. Miaka zaidi ya thelathini baadaye, mchoraji wetu Tshibumba Kanda Matulu aliitia katika picha zake za historia ya nchi, juu ya mashuleni haikuwa inasemwa sana.

Baada ya hapo watu hawakuacha kukutana. Miaka ya 1950, hapahapa Kenya, vijana walijiunga wakajiita Jecoke, maana yake Jeunes Comiques de la Kenya. Waliimba, walicheza, walichekesha watu. Mpiga gitaa Edouard Masengo alipita mule. Nyuma yao Kiswahili chetu cha Lubumbashi kilipata mchezo wake wa kuigiza, na kundi la Mufwankolo likaingia mu kila nyumba kwa redio na televisheni. Mwaka 1965 chama cha maboi wa zamani, bazee waliopikia na kufulia wazungu, kilitoa historia ya mji iliyokusanywa na André Yav, kwa Kiswahili cha hapa. Muone hiyo: historia ya mji wetu iliyosemwa na watu wa jikoni, bila kungoja mwanachuo aje kuwauliza. Ile ni kazi ya chama.

Mama mmoja mzee wa mtaa wetu, yuko hapa mbele, alituambia kwamba mambo ya kushona aliyofundishwa kwenye foyer aliyasahau karibu yote. Kitu hakusahau ni daftari. Walichagua mwenzao mmoja kushika likelemba, mwingine kuandika, na wa tatu kuhesabu mbele ya wote. Alisema pale ndipo alijua kwamba mtu anayeshika franga za wengine lazima aulizwe. Sisi tulisoma masomo ya uraia miaka mingi, hatukupata somo fupi na zuri kama lile.

Sasa tuseme pia habari inayouma, kwa sababu historia si ya kujisifu tu. Vyama vingine vya mji vilikuwa vya kabila. Hatusemi ni dhambi. Ukifiwa, wanaojua nyimbo za kwenu ndio wanakuja kwanza. Lakini Desemba 1957 yalifanyika machaguzi ya kwanza ya komini, na mu komini za watu weusi mabourgmestre waliopita walikuwa wametoka nje ya Katanga. Wengine wakakasirika. Mwaka 1958 vyama vya kabila za Katanga vikaungana vikawa Conakat. Jina lenyewe linasema: Confédération des associations tribales du Katanga. Vyama vya kuzika maiti vikawa chama cha siasa, na Julai 1960 Katanga ikajitenga. Damu ilimwagika. Na tena 1992 na 1993, watu wa asili ya Kasai, wengi wao wazaliwa wa huku, walifukuzwa manyumbani mwao, wakalala kwenye stesheni za gari moshi wakingoja kuondoka. Kuna watu waliokaa hapa leo ambao jamaa zao walikuwa mule. Kuna wengine ambao jamaa zao walikuwa upande wa pili. Tunakaa pamoja chini ya mti mmoja, na hii si kitu kidogo.

Kwa hiyo tunaposema sale irudi, hatusemi irudi kwa kabila fulani. Sale yenye mlango wa watu wa upande mmoja tu, tumekwisha kuona inazaa nini.

Na hatusemi irudi kwa chama cha siasa. Kutoka 1967 chama kilikuwa kimoja, MPR, na vijana walikuwa na njia moja, JMPR. Waliokuwa na sale walicheza na kuimbia mkubwa mu ile sale. Kisha Gécamines, iliyorithi mali ya Union Minière, ikaanguka miaka ya 1990. Mishahara ikakatika, masomo na mahospitali ya kampuni yakalegea, foyer na cercle zikafungwa moja baada ya ingine. Mwaka 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10,000 walitolewa kwa kile kilichoitwa kuondoka kwa hiari. Wakati baba hana mshahara, nani atauliza habari ya sale? Vile ndivyo nyumba zetu zilipotea. Moja ikawa bar, ingine kanisa, ingine depo. Hakuna aliyepiga bunduki. Ni kufuli tu na ukimya.

Basi, haina mwenyewe? Iliyojengwa na jasho la waliokula mposho, iliyofagiliwa na bamama wa foyer, iliyochezewa na vijana wa mtaa, haina mwenyewe? Tunakataa.

Tunaomba mambo matatu, na tunayaomba kwa amani.

La kwanza: komini itangaze orodha ya sale, foyer na viwanja vyote vya raia, na ni nani anashika karatasi za kila kimoja. Sheria ya 2008 inasema komini ni mtu mbele ya sheria, iko na mali yake. Mwenye mali anajua hesabu ya mali. Na tangu machaguzi ya Desemba 2023 tuko na wakonseye tuliowachagua wenyewe. Hii ndiyo kazi ya kwanza tunawapa.

La pili: kama sale imekodishwa, mkataba usomwe mbele ya watu. Nani alitia sahihi? Kwa miaka mingapi? Franga zinaingia mu sanduku gani? Kama kila kitu ni safi, kusoma hakutaumiza mtu.

La tatu: sale ikifunguliwa, ishikwe na komite ya watu wa mitaa yote, wanawake na wanaume, bila kuuliza kadi ya chama, kabila wala kanisa. Na hesabu ya kila mwezi ibandikwe mlangoni. Kama vile mama alitufundisha.

Na sisi tunaahidi. Siku kufuli itatoka, vijana wa harakati yetu wataleta fagio, rangi na misumari. Hatutavunja mlango. Hatutarusha jiwe. Katiba ya 2006, kifungu cha 25, inalinda mikutano ya amani bila silaha, na kifungu cha 37 kinalinda haki ya kuunda vyama. Kama tutatembea barabarani, tutajulisha wakubwa kwa barua mbele, vile kifungu cha 26 kinaomba. Wanaotungoja na mijeledi wajue kwamba tunajua kusoma.

Kitu cha mwisho, na hiki tunaanza leoleo. Daftari hili litapita mikononi mwenu. Kila mzee, kila mama, aandike, au amwambie mtoto amuandikie: alifanya nini mu ile sale. Alishona? Alicheza? Aliolewa mule? Alichaguliwa mweka hesabu? Alimlilia mtu wake? Mwaka gani, pamoja na nani, nani alishika ufunguo. Yule ambaye hakuingia kamwe, juu walimzuia mlangoni, aandike pia.

Wametuambia sale haina mwenyewe. Barua yetu ya nne itakuwa na daftari hili ndani, na humo watakuta majina ya wenyewe.

Daftari linaanzia upande wa bamama.