Mjumbe wa Chama na Mnyama wa Mwenyeji

Hotuba ya Mkaguzi wa Vyama vya Ushirika kwa makatibu na wanachama, Lyulilo



Mnapomwona mkaguzi amesimama kuzungumzia safari, hapana shaka mnatazamia maneno juu ya masurufu na stakabadhi. Hayo nitayasema siku nyingine. Leo nataka tuzungumze juu ya jambo lisiloandikwa katika daftari lolote la chama, nalo laweza kukigharimu chama kuliko nauli: mwenendo wa mjumbe wetu mbele ya mnyama anayeheshimiwa na wenyeji wake.

Sisi watu wa Kyela tunamjua ng'ombe. Kwetu ng'ombe ni mahari, na ng'ombe ni msiba. Mzee akifariki, heshima yake huonekana kwa mafahali yaliyoangushwa uani. Kwa hiyo mtu wetu akiambiwa kwamba wako watu wanaomheshimu ng'ombe kwa kutomchinja, hucheka, akadhani ni upungufu wa akili. Si upungufu. Wao na sisi tumemweka ng'ombe mahali pa juu. Tofauti ni kwamba sisi heshima hiyo tunaitimiza kwa kisu na wao wanaitimiza kwa kukiweka kisu mbali.

Nasema haya kwa sababu mwanaushirika yeyote anayetamani kujifunza ushirika wa maziwa atapenda kufika Anand, katika jimbo la Gujarat, nchini India. Huko wafugaji wadogo walichoka kunyonywa na mnunuzi mmoja aliyehodhi maziwa yao, wakagoma kumuuzia, na mwaka 1946 wakaandikisha chama chao kikuu chini ya Tribhuvandas Patel. Mwaka 1949 akafika mhandisi kijana, Verghese Kurien, akakaa nao maisha yake yote. Kutoka hapo ndipo lilipotokea jina la Amul, linalojulikana ulimwenguni. Mfugaji wa huko huleta maziwa yake asubuhi na jioni, yakapimwa wingi na mafuta, akalipwa kwa kadiri ya vipimo. Lakini mfugaji huyohuyo, akiwa Mhindu, aweza kumgusa ng'ombe wake kisha akaupeleka mkono kipajini kwa ibada. Mjumbe wetu akisimama kando na kusema kwa sauti, "Huyu atatoa kilo mia mbili za nyama," na mkalimani akaitafsiri sentensi hiyo, siku ya mafunzo imekwisha.

Wala si suala la adabu peke yake. Katiba ya India ya mwaka 1950, katika ibara ya 48, inaiagiza dola ichukue hatua za kupiga marufuku uchinjaji wa ng'ombe, na majimbo mengi yametunga sheria za namna hiyo. Gujarat iliikaza yake mwaka 2017 hata kufikia kifungo cha maisha kwa anayechinja. Kusafirisha na kuuza nyama hiyo nako ni kosa lenye kifungo. Mwanachama aliyefungiwa na mkewe nyama kavu ya ng'ombe katika sanduku, kama tunavyofungiwa sote, aiache nyumbani.

Hata hivyo, mjumbe asiende na picha moja kichwani. Katika jimbo la Kerala nyama ya ng'ombe huliwa hadharani. India ina Waislamu na Wakristo kwa mamilioni. Tena sehemu kubwa ya maziwa ya Anand ni ya nyati wa kufugwa, mnyama ambaye hana cheo hicho cha ng'ombe, na nyama yake husafirishwa kwa wingi kwenda nchi za nje. Basi asikisie kwa sura ya mtu. Aulize.

Mtanijibu: je, mtu akiwa hakubaliani nao, anyamaze kama mjinga? Hapana. Mwaka 1966 palitokea maandamano makubwa mjini Delhi ya kudai uchinjaji wa ng'ombe ukomeshwe nchi nzima, na watu walikufa. Mwaka uliofuata serikali iliunda kamati, na Kurien akawa mjumbe wake. Yeye alishikilia kwamba ufugaji wa maziwa hauwezi kuendelea bila kuondoa ng'ombe wagonjwa na wasio na faida. Katika kamati hiyohiyo alikuwamo M. S. Golwalkar, mmoja wa waliodai marufuku kwa nguvu zote. Kurien alisimulia baadaye kwamba walibishana vikali ndani ya vikao, na nje ya vikao wakawa marafiki. Huyo alikuwa mwenye nchi, tena ameitwa kutoa maoni. Mgeni wa siku saba hakuitwa.

Wanaolima kokoa nao wana lao. Mkulima wa kokoa na ngedere hawapatani, na manati haiko mbali na mkono wake. Sasa mpeleke Ghana, ambako kokoa ndiyo zao lenyewe. Viko vijiji viwili, Boabeng na Fiema, ambako kima na mbega ni watakatifu. Huzurura kati ya nyumba, na akifa mmoja hufungwa kwa kitambaa na kuzikwa. Waumini wa dhehebu moja jipya walipoanza kuwawinda, wazee waliomba msaada wa serikali, na mwaka 1975 ikapitishwa sheria ndogo ya kuwalinda. Leo watalii hulipa kwenda kuwatazama. Nadhani wazee wale walifanya hesabu nzuri, ijapokuwa hesabu siyo iliyowasukuma.

Karibu zaidi, huko Buganda, kila ukoo una muziro wake, na mtu hali muziro wa ukoo wake. Ukiandaliwa samaki na mwenyeji asiguse, usimshurutishe. Na mkisikia ukoo wa Mamba, msidhani ni yule mamba wa ziwani kwetu: kwa Kiganda ni kamongo, samaki wa topeni.

Ombi langu kwa makatibu ni dogo. Barua ya kukubali mwaliko inapoandikwa, iongezwe sentensi moja: tunaomba kujulishwa mila za wenyeji, hasa kuhusu wanyama na vyakula, ili mjumbe wetu ajiandae. Jibu likija lisomwe mbele ya mjumbe kabla hajakabidhiwa masurufu, na atie sahihi. Atakaposema kwamba hayo hayamhusu, kamati ichague mwingine. Mwenye kuweza kufika na kurudi na mafunzo hakosekani katika chama chenye wanachama mia mbili.

Ndugu Mwenyekiti, nimemaliza. Nangoja maswali.