Kushukuru Ziwa Likiwa Limefungwa

  Ukumbini humu wamo wainjilisti, makatekista, wazee wa kanisa na akina mama viongozi wa jumuiya na vikundi vya maombi, na mada niliyopewa ni ya wote: furaha na shukrani ya Mkristo wakati wa shida.

Niseme mapema ninachokiamini, ili mnipinge vizuri wakati wa majadiliano. Makanisani mwetu shukrani tunaidai kwa mtu ambaye si wa kudaiwa. Mama aliyetoka kuzika, mvuvi ambaye nyavu zake hazijaona maji tangu Mei, mkimbizi aliyevuka ziwa na nguo aliyovaa: hao ndio tunaowasimamisha mbele ya madhabahu waseme Bwana ni mwema. Maandiko yananionyesha utaratibu mwingine, na historia ya mwambao huu wa Ziwa Tanganyika inautolea ushahidi. Anayeanza kushukuru ni yule aliyesimama karibu na mwenye shida, na anaposhukuru, mkononi ana chakula.

Tufungue Matendo ya Mitume sura ya 27. Ninyi watu wa ziwani mnaielewa sura hii kuliko mhubiri yeyote wa nchi kavu. Meli ya Aleksandria yenye shehena ya ngano inaelekea Italia, Paulo yumo kama mfungwa, na dhoruba inawapiga siku nyingi bila kuona jua wala nyota. Wanatupa mizigo, wanatupa na vyombo vya meli. Usiku wa 14 watu hawana hata hamu ya kula. Karibu na mapambazuko Paulo anawasihi wale chakula, anatwaa mkate, anamshukuru Mungu mbele ya wote, anaumega, anaanza kula. Moyo unawarudi, nao wanakula. Walikuwamo watu 276.

Tazameni dhoruba iko wapi wakati huo. Bado inavuma. Meli itavunjika saa chache baadaye, na wengine watafika ufukweni wakiwa wameng'ang'ania mbao. Paulo alikuwa amekwisha kuwaambia wazi kwamba meli itapotea, hakuwaficha hasara. Tena muda mfupi kabla ya kushukuru alikuwa macho kuhusu mabaharia waliotaka kutoroka na mtumbwi mdogo, akamtahadharisha akida, na kamba zikakatwa. Shukrani ile ilitoka kwa mtu aliyekuwa akifanya hesabu ya kuokoa watu. Na katika wale 276 hakumwita hata mmoja atoe ushuhuda. Alishukuru yeye, wakala wote.

Sura ya 16 ya kitabu hicho hicho tunaipenda zaidi kwa sababu ya wimbo wa usiku wa manane gerezani Filipi. Tukifika kwenye tetemeko na milango kufunguka, tunafunga mahubiri. Mistari michache mbele, mlinzi wa gereza anawaosha Paulo na Sila majeraha yao saa ile ile ya usiku, kisha anawaandalia chakula nyumbani kwake. Walikuwa wameimba wakiwa na migongo iliyochanika. Mungu aliupokea wimbo, na majeraha yakapata mtu wa kuyaosha.

Sitakaa sana kwenye Zaburi, ingawa zinastahili semina yake. Niwakumbushe tu kwamba nyingi kati yake ni malalamiko, na Zaburi ya 88 inaanza kwa kilio na kuishia gizani, bila neno la ushindi. Waliokusanya Maandiko hawakuiondoa. Na rafiki zake Ayubu walimfaa kwa siku zile saba walizoketi naye chini kimya. Walipoanza kumweleza sababu za msiba wake, Mungu mwenyewe aliwakasirikia. Kwa hiyo yanaponifikia mahubiri kwamba mtu mtumbwi wake ulipinduka kwa upungufu wa imani, au mtoto hakupona kwa kuwa sadaka ilikuwa ndogo, nasema bila kusita kwamba huko ni kumtesa mtu mara mbili, na jina la Kristo linatumika vibaya.

Sasa twende kwenye mwambao wetu. Imani ya Kikristo ilifika Ujiji kwa njia ya huzuni. Mji huu ulikuwa kituo kikubwa cha misafara ya pembe na watumwa kati ya ng'ambo ya ziwa na Bagamoyo. Wamisionari wa Shirika la Misheni la London walifika Agosti 1878. Septemba hiyo hiyo mkuu wao, Thomson, akafa. Mwenzake Dodgshun alifika mwaka uliofuata akiwa mgonjwa, akafa baada ya siku chache. Mapadre Weupe, wamisionari wa Kikatoliki, walifika hapa Januari 1879, na mwaka 1881 watu watatu wa misheni yao wakauawa Rumonge, upande wa Burundi. Historia zetu za kanisa husimulia vifo hivyo kwa kirefu, na ni haki. Hazisimulii kwa kirefu vifo vya wapagazi waliobeba mizigo ya wamisionari hao kutoka pwani, wala vya watu waliopitishwa Ujiji shingoni wakiwa na minyororo. Anayetaka kushukuru kwa kufika kwa Injili hapa aanze kwa kuwaombolezea hao.

Katika wote waliotia mguu mwambaoni wakati ule, mmoja ndiye ningependa kila katekista wa Kigoma amfahamu: Adriano Atiman wa Karema. Karema iko kusini mwetu, leo ni Mkoa wa Katavi, lakini ziwa ni hili hili. Atiman alizaliwa karibu na mto Niger, katika nchi tunayoiita Mali. Alitekwa akiwa mtoto, akavushwa jangwa la Sahara kama bidhaa, na huko Algeria Mapadre Weupe wakamkomboa kwa fedha. Walimpeleka Malta kusomea udaktari chini ya mpango wa Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wao, wa kuandaa Waafrika watakaokuwa waganga na makatekista kwa pamoja. Alifika Karema mwaka 1889. Hakuondoka. Alitibu watu wa mwambao huo mpaka uzee, akafa huko huko mwaka 1956. Mwanawe Joseph alikuwa padre.

Piga hesabu: miaka 67. Katika miaka hiyo zilipita tawala za Wajerumani na Waingereza na vita viwili vya dunia, na mzee yule alikuwa bado anafunga vidonda. Mtu huyu hakurudishiwa utoto wake; mama yake na kijiji chake vilibaki ng'ambo ya jangwa. Angekuwa na haki ya kuishi akidai fidia kwa Mungu na kwa wanadamu, na nisingemlaumu. Yeye alichukua wema aliotendewa na kuugawa Karema, mgonjwa baada ya mgonjwa. Nikiulizwa furaha ya Mkristo katika dhiki inafananaje, sina mfano bora wa kutoa kwenye ziwa hili. Furaha yake ilikuwa na dawa na bendeji, na ilimwamsha usiku.

Karibu zaidi na siku zetu kuna Kagunga, na wengi wenu mlikuwepo. Mei 2015, machafuko ya Burundi yalipozidi, makumi ya maelfu ya watu walirundikana katika kijiji hicho cha wavuvi kilichobanwa kati ya mlima na maji, kisicho na barabara. Kipindupindu kikaingia. Watu wapatao 30 walikufa, wakiwamo wenyeji. Meli ya MV Liemba ikatia nanga mbali kidogo na ufuko, mitumbwi ikawa inawapeleka watu kwenye ngazi zake, wakaletwa Kigoma, wakapumzishwa Uwanja wa Lake Tanganyika, kisha mabasi yakawachukua hadi kambi ya Nyarugusu. Meli hiyo Wajerumani waliiunganisha hapa Kigoma ikawa chombo cha vita. Wenyewe waliizamisha mwaka 1916, Waingereza wakaiopoa, na mwaka 1927 ikarudi kazini. Kwamba chombo kilichowahi kubeba mizinga kilikuja kubeba wajawazito na wazee wanaokimbia machafuko, hilo peke yake linatosha kutupigisha magoti.

Lakini tushukuru kwa akili. Kipindupindu huletwa na maji machafu na ukosefu wa vyoo, tusimsingizie Mungu. Anayemshukuru Mungu kwa waliopona Kagunga amshukuru pia kwa klorini, kwa dripu, kwa wauguzi waliokesha kwenye mahema, na kwa wanakijiji wa Kagunga waliogawana ufuko wao na umati ule mpaka ugonjwa ukawapata na wao. Halafu akirudi nyumbani, achimbe choo. Shukrani inayoyaacha maji ya kunywa yabaki machafu ina kasoro.

Na Nyarugusu kwenyewe, kambi iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo, kuna kwaya. Wamepunguziwa mgawo wa chakula mara kadhaa, wamekaa hadi watoto waliozaliwa kambini wamepata watoto wao, na Jumapili bado wanaimba kwa Kiswahili kile cha ng'ambo chenye ladha yake. Sikilizeni nyimbo zao vizuri. Katika wimbo mmoja utasikia kilio cha nchi waliyoiacha na sifa kwa Mungu, na mpiga ngoma habadilishi mdundo kati ya hivyo viwili. Hicho ndicho ibada zetu za mjini zimepungukiwa.

Sasa nije kwenye jambo linalotugusa mfukoni. Mwaka 2024 ziwa lilifungwa kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, kwa makubaliano ya Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia, ili samaki wazaliane. Sababu ni njema. Samaki walikuwa wanapungua, na anayeamini kwamba ziwa ni la Mungu aone pumziko lake kuwa baraka. Hata hivyo dagaa ndio ada ya shule, kodi ya chumba na dawa ya mtoto. Funga ziwa, na mvuvi wa dagaa anakaa bila kazi. Lakini pia anakaa mama mwanika dagaa wa Katonga, kuli wa Kibirizi, mama lishe anayempikia kuli, fundi wa mashine za boti. Miaka michache kabla ya hapo maji yalikuwa yamepanda na kumeza nyumba na sehemu za mialo. Mtu aliyepata yote mawili tukimwambia ashangilie, tunamwambia nini hasa?

Ninapendekeza tufanye hivi. Kwanza, kipindi cha ushuhuda kiwe na nafasi ya ushuhuda ambao haujafika mwisho. Mtu asimame aseme mume wangu bado hajarudi kutoka ziwani, nimechoka, niombeeni. Kisha aketi, na mwongoza ibada asiharakishe kuanzisha pambio la ushindi. Kimya kidogo hakitaua ibada. Katika miezi ya shida, Jumapili moja isomwe Zaburi ya maombolezo, na sala ya waumini imlalamikie Mungu kama waandishi wa Zaburi walivyomlalamikia.

Pili, na hapa ndipo uzito wote ulipo, sadaka ya shukrani katika miezi ya kufungwa itolewe na wale ambao ziwa halikuwafungia. Walimu, wauguzi, wafanyakazi wa bandari na reli, wenye michikichi ambao mawese yao yanauzika mwaka mzima: hao ndio Paulo wetu kwenye meli. Wao washukuru mbele ya wote, na shukrani yao iwe unga, mafuta na daftari la mwanafunzi. Msiba ukitokea Ujiji, majirani zetu Waislamu huja na sahani na kukaa nasi mkekani kabla mchungaji hajafika. Basi mgao wetu usiulize mtu anasali wapi.

Tatu ni suala la kalenda. Ziwa linapofungwa katikati ya Mei, kikao cha kanisa kinachokutana Juni kimechelewa. Wazee wa kila mtaa wapite Aprili, nyumba kwa nyumba, wakiwa na akina mama wanaojua nani anaanika dagaa za nani, waandike majina: mvuvi, mwanikaji, kuli, mjane, mkimbizi aliyepanga chumba, na kaya yenye mtoto wa kidato cha nne anayekaribia mtihani. Majina hayo yasisomwe kanisani. Yakae kwa watu wawili wanaoaminika, na mgao wa kwanza uwe umefika nyumbani kabla nyavu hazijaanikwa.