Maneno juu ya Buloni za Kitovu cha Gurudumu la Mbele

Leo tutasema juu ya kitu kidogo cha chuma, kisichopita ukubwa wa kidole cha mtu. Kinapokatika, jipu nzima husimama mlimani pamoja na watu na mali yao.

Labda mtu mmoja ataniuliza: «Sisi ni wakulima, na wengine ni wachimbaji. Maneno ya motokari ni ya shofere. Yanatuhusu nini?» Jibu ni hili. Maharagwe, viazi na jibini za Masisi zinashuka kwa motokari. Chumvi, sabuni na dawa zinapanda kwa motokari. Mama aliyeshikwa na uchungu usiku hupelekwa hospitali kwa motokari. Watu wa machimbo ya koltani ya Rubaya hupita njia hiyo hiyo. Tena wengi wenu hukodi jipu kwa kuchanga fedha. Basi mwenye kulipa na mwenye kupanda apate kujua jambo analopaswa kutazama kabla ya safari.

Njia yetu ilivyo

Toka Goma mpaka Sake ni kilomita 25 hivi. Mnajua kwamba sehemu kubwa ya nchi hiyo ni mawe ya moto uliotoka milimani. Moto wa Nyamulagira, uliowaka toka mwaka 1938 mpaka 1940, ulishuka hata ukaingia ziwa Kivu. Mawe yale ni makali na magumu. Ukipita Sake, njia inapanda mlima, na wakati wa mvua kuna matope yenye utelezi. Kwa hiyo wenye jipu hupenda kuvika mipira mikubwa kuliko ile ya kiwanda, ili tumbo la motokari liwe juu ya mawe. Hiyo ni faida kweli. Lakini faida hiyo ina deni lake, na anayelipa deni ni buloni za kitovu.

Buloni hizi zinafanya kazi gani?

Tazameni katikati ya gurudumu la mbele la jipu ya Land Cruiser yenye mhimili mzima mbele. Mtaona sahani ya chuma, au kile kifuniko cha kuzungusha kwa mkono ili kufunga au kufungua nguvu ya mbele. Imefungwa juu ya kitovu kwa nati ndogo sita. Kila nati imeshika buloni isiyo na kichwa, iliyopandwa ndani ya kitovu. Msichanganye buloni hizi na zile kubwa zinazoshika gurudumu lenyewe.

Nguvu ya mashine hupita katika mhimili, ikafika katika sahani, toka sahani ikaingia kitovu, ndipo gurudumu likazunguka. Basi nguvu yote ya gurudumu moja la mbele hupita mahali pale sahani na kitovu vinapokutana.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penye siri. Buloni hazikuwekwa ili zivute mzigo kwa ubavu wao. Kazi yao ni kubana sahani na kitovu vishikamane kama kitu kimoja. Chini ya kila nati kuna pete ndogo yenye umbo la pia, iliyopasuliwa upande mmoja. Nati ikikazwa, pete inasukumwa ndani ya tundu lake na kuziba nafasi yote iliyo kati ya buloni na sahani. Ni kama kabari ya shoka. Kabari ikiwa imara, shoka linapasua kuni siku nyingi. Kabari ikilegea, kichwa kinacheza, kinakula mpini, na mwisho kinaruka. Vivyo hivyo nati ikilegea, sahani inacheza mbele na nyuma. Kila mara shofere anapovuta au kurudi nyuma, sahani inapiga buloni ubavuni. Buloni moja ikikatika, tano zilizobaki zinachukua mzigo wa sita. Ndipo zinafuatana.

Mpira mkubwa unaongeza nini?

Mmeng'oa mawe shambani kwa mtaimbo. Mtaimbo mrefu una nguvu kuliko mfupi. Gurudumu nalo ni kama mtaimbo: ardhi inashika mwisho wake, na kitovu kinasokotwa upande wa pili. Tuseme mpira wa kiwanda una kimo cha sentimeta 80, na wewe unavika wa sentimeta 90. Toka katikati mpaka chini palikuwa sentimeta 40, sasa ni 45. Mahali palipokuwa na mzigo wa 40, sasa pana mzigo wa 45, na buloni ni zile zile.

Tena mpira mkubwa ni mzito. Unapozunguka bure katika matope, kisha ukashika jiwe ghafula, pigo lake linarudi katika kitovu kama nyundo. Buloni nyingi zinakatika katika pigo la namna hii, hasa kama nati zilikuwa zimelegea tangu zamani.

Dalili za kutazama

1. Nati imepungua, au inazunguka kwa vidole.
2. Kutu nyekundu kama unga imezunguka nati.
3. Grisi inatoka kati ya sahani na kitovu.
4. Motokari inalia «tak» katika gurudumu la mbele inapobadili toka mbele kwenda nyuma, nguvu ya mbele ikiwa imefungwa.

Kuna njia rahisi sana ya kujua. Nati zikiisha kukazwa vizuri, chukua rangi nyeupe, piga mstari mwembamba toka nati mpaka sahani, na mwingine toka sahani mpaka kitovu. Siku mistari ikiachana, kitu kimesogea. Hata mtoto asiyejua kusoma ataona.

Mambo ya kufanya

*Kwanza*, msivike mpira mkubwa kwa ajili ya sura tu. Kipimo cha kiwanda mara nyingi kimeandikwa kwenye kibao karibu na mlango wa shofere. Kama ni lazima kukipita, zidisha kidogo tu, tena zidisha uangalizi.

*Pili*, kabla ya kufunga sahani, safisha nyuso mbili zinazokutana. Pasibaki mchanga, rangi wala grisi. Karatasi ya kuzibia iwe ile moja nyembamba ya kiwanda. Ukiweka nene au mbili, italika, na nati zitalegea.

*Tatu*, pete za pia ziwe sita kamili. Fundi anayesema «nne zinatosha» anatafuta kumaliza kazi upesi. Pete iliyopinda au kulika itupwe.

*Nne*, kaza nati kidogo kidogo, kwa kuvuka toka upande huu mpaka ule, mpaka zote ziwe sawa. Fundi atumie ufunguo wa kupimia nguvu, afuate kipimo cha kitabu cha motokari ile. Buloni hizi ni nyembamba: ukizikaza kupita kiasi zinavutika, na kesho zinakatika. Baada ya safari ya kwanza, zipimwe tena. Kwenda Sake na kurudi kunatosha.

*Tano*, inua gurudumu kwa jeki, lishike juu na chini, ulitikise. Likicheza, fundi atazame beringi. Kitovu kinachocheza hakitulizi nati zake.

*Sita*, buloni moja ikikatika, badili zote sita za kitovu kile, maana zilizobaki zimeumia pia. Msiweke buloni laini ya kuokota sokoni, wala msichomelee. Moto wa kuchomelea unaharibu ugumu wa chuma. Wako mafundi wanaoongeza pini za chuma kigumu kati ya sahani na kitovu ili zisaidie buloni. Ni kazi njema kama matundu yametobolewa kwa kipimo, lakini haiondoi lazima ya kukaza nati.

*Saba*, shofere asikanyage mafuta gurudumu linapozunguka bure, tena asivute kwa nguvu usukani ukiwa umekatwa mpaka mwisho. Ashuke, achimbe, aweke mawe au matawi, kisha aondoke polepole. Abiria wakimsaidia kwa jembe nusu saa, hawatalala njiani usiku mmoja.

Zikikatika safarini

Gurudumu halitatoka kwa sababu ya buloni hizi ndogo, lakini nguvu yake imekwisha. Juu ya mlima wenye matope jipu inaweza kuteleza nyuma. Watu washuke kwanza, mawe yawekwe nyuma ya magurudumu, mzigo upunguzwe. Nguvu ya mbele ifunguliwe, motokari irudi polepole kwa magurudumu ya nyuma mpaka mahali pa tambarare. Vipande vya chuma visiachwe ndani ya kitovu. Kwa hiyo kila jipu ya njia ya Masisi ichukue buloni sita, nati sita na pete sita katika kikopo kikavu.

Basi, ndugu zangu, kabla ya kupakia magunia, mmoja wenu ainame mbele ya kila gurudumu, ahesabu nati sita na kutazama mistari ya rangi. Kazi hiyo haimalizi muda wa kumenya kiazi kimoja. Shofere akikasirika kwa kuwa mnatazama, mwambieni kwa upole kwamba safari ni ya wote. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Na ukuta wa kujengwa katika matope ya Masisi, usiku, mgonjwa akiwa ndani ya jipu, ni mgumu sana.