Ngoma Mbili, Uwanja Mmoja

Somo letu la leo ni juu ya vijana na kura. Lakini sitaanzia kwenye sanduku la kura. Nitaanzia uwanjani, penye ngoma.

Mtu aliyekulia Usukumani, iwe Shinyanga, Kahama, Geita au Magu, ajua habari za Bagalu na Bagika. Hivi ni vyama viwili vya ngoma. Wazee husimulia kwamba asili yake ni waganga wawili wa zamani, Gumha na Ngika, walioshindana ili ijulikane dawa ya nani ina nguvu zaidi. Bagalu ni upande wa Gumha, Bagika ni upande wa Ngika. Mavuno yakiisha kuwekwa ghalani, tangu mwezi wa sita, vyama hivi hukutana katika uwanja mmoja, siku moja, wakati mmoja. Hakuna anayemngoja mwenzake amalize. Upande huu wanapiga na kucheza, upande ule nao wanapiga na kucheza, na vumbi linapanda mpaka huoni ng'ambo. Hawa wanarusha majembe juu na kuyadaka, wale wameleta chatu. Pale Bujora, karibu na Mwanza, mashindano ya Bulabo hufanywa hivyo mpaka leo.

Sasa nani ameshinda? Ni yule aliyekusanya watu wengi. Watazamaji wako huru kwenda huku na kurudi kule. Kundi likichosha, watu wanaondoka mmoja mmoja, kisha kumi kumi, na manju anabaki akiimbia wake zake na watoto wake. Basi ni kusema kwamba Msukuma alikuwa akipiga kura kwa miguu kabla hajaiona karatasi ya kura.

Iko tofauti moja kubwa. Kura ya miguu haina siri. Baba mkwe wako akiwa Mgalu, akakuona umesimama kwa Bagika, utasikia habari yake jioni. Kura ya karatasi waipiga peke yako, na hakuna mwenye haki ya kukuuliza uliweka alama wapi. Si mume, si mwenyekiti, si tajiri wako wa mgodini.

Na liko jambo jingine. Kila manju mkubwa alisemwa kuwa ana dawa ya mvuto. Watu wakikimbilia upande wake, wenziwe hawakusema kwamba ameimba vizuri. Walisema ametia dawa. Mimi dawa hiyo sikuiona. Lakini dawa ya mvuto ya siku za uchaguzi nimeiona kwa macho yangu, nayo ni fulana, kofia, khanga, soda, na noti iliyokunjwa katika kiganja cha mkono.

(Hapa mwalimu asimamishe usomaji. Wanafunzi waseme: ni dawa gani ya mvuto waliyoiona wao?)

Tuendelee. Turudi nyuma kidogo, ili vijana wajue kura hii ilitoka wapi.

Mwaka 1958 Serikali ya Waingereza ilitaka wilaya ya Geita iwe na baraza la mchanganyiko, yaani Waafrika, Wahindi na Wazungu, wakati karibu watu wote wa wilaya hiyo walikuwa Waafrika. Wananchi walikataa. Wengi walisafiri mpaka Mwanza, makao makuu ya jimbo, kwenda kusema kwamba hawalitaki. Nao walikuwa wakulima wa pamba tu, wengi wao hawajui kusoma. Mwaka huo huo wa 1958 na mwaka uliofuata, Tanganyika ilifanya uchaguzi wake wa kwanza wa Baraza la Kutunga Sheria. Lakini si kila mtu aliyeruhusiwa kupiga kura. Ilitakiwa uwe na elimu ya kiwango fulani, au pato la kiwango fulani, au cheo. Babu zenu walioshika njia ya Mwanza, wengi hawakuwa na kimoja kati ya hivyo.

Watu wasiojua kusoma walisikiaje basi habari za Uhuru? Tuchukue mfano wa Dar es Salaam, maana huko habari hii yajulikana vizuri. Mwaka 1955 TANU ilipotaka kuwapata wanawake, kazi hiyo alipewa Bibi Titi Mohamed. Yeye alikuwa mwimbaji katika kundi la ngoma, akaenda kwa viongozi wa vikundi vya ngoma vya wanawake, kikundi kwa kikundi. Hakuanza na hotuba ndefu za siasa. Vikundi vile vilikuwa tayari na viongozi, na fedha za kuchangishana, na desturi ya kuitana haraka. Habari ikifika kwa kiongozi wa ngoma asubuhi, jioni imefika nyumba zote.

Mwaka 1965 raia wote watu wazima walipiga kura kuchagua wabunge. Chama kilikuwa kimoja, lakini katika majimbo mengi wagombea walikuwa wawili, nao wote wa TANU. Kwa kuwa wapiga kura wengi hawakujua kusoma majina, mgombea mmoja alipewa picha ya jembe na wa pili picha ya nyumba. Hapo wapiga debe walipata kazi! Kwa mkulima wa pamba jembe si picha tu, ni ugali wake na ni ngoma yake. Na nyumba je, nani hataki nyumba? Mtu aliweza kutoka nyumbani kwenda kulichagua jembe, wala asimtafakari aliyelishika. Hata hivyo watu hawakuwa wajinga. Bwana Paul Bomani, aliyekuwa Waziri wa Fedha, na aliyejulikana Usukumani kote kwa kazi yake ya vyama vya ushirika vya pamba, alishindwa Mwanza katika uchaguzi huo. Waziri mzima!

Uchaguzi uliofuata ulikuwa mwaka 1970. Mwaka huo redio iliendesha masomo kwa vikundi vya wasikilizaji, na masomo hayo yaliitwa "Uchaguzi ni Wako". Watu walikaa pamoja, wakasikiliza, kisha wakazungumza, kama ninyi sasa. Napenda jina lile. Halikusema uchaguzi ni wa chama, wala wa serikali.

Sasa niwaambie habari yangu mimi, ingawa si habari ya kujivunia.

Mwaka 2000 nilikuwa kijana, na nilikuwa hodari wa ngoma. Mgombea mmoja, sitamtaja, alilichukua kundi letu tumchezee katika kampeni. Tulizunguka vijiji mwezi mzima juu ya lori. Tulipewa fulana, tukala wali kila siku, na nyimbo nyingi nilizitunga mimi. Watu walitukimbilia kweli kweli. Siku ya kupiga kura nilifika kwa shangazi yangu. Alikuwa ametoka kituoni, na kidole chake kilikuwa na wino. Akanitazama mkono, akaniuliza, "Mwanangu, wewe uliyetuimbia mwezi mzima, wino wako uko wapi?"

Sikuwa nao. Siku za kuandikisha wapiga kura nilikuwa porini kwenye machimbo ya dhahabu, na sikuona sababu ya kupoteza siku moja ya kazi. Wakati ule kura ilitaka uandikishwe upya kila uchaguzi, maana daftari la kudumu lilikuwa halijaanza. Basi niliimba "mchagueni" kwa watu elfu nyingi, na mimi mwenyewe sikuchagua. Tena katika nyimbo zangu zote hapakuwa na swali hata moja kwa yule bwana. Niliimba sifa tu. Shangazi aliongeza: "Na kisima chetu hukukitaja." Kisima chetu kilikuwa kimekauka miaka miwili.

Ndugu vijana, hasa ninyi mnaofanya kazi Nyarugusu, Mgusu, Kakola na kwingineko penye dhahabu, jambo hili lawahusu zaidi kuliko wengine. Mchimbaji huhama. Leo wasikia kuna dhahabu kilima kile, kesho umefunga mzigo. Lakini jina lako halihami lenyewe. Siku hizi liko Daftari la Kudumu la Wapiga Kura, na huna haja ya kuandikwa upya kila mara. Lakini ukihama huna budi kwenda kurekebisha habari zako wakati wa kuboresha daftari, la sivyo jina lako litakungoja Shinyanga, nawe uko Geita.

Na hapa wengi huchanganyikiwa, kwa hiyo nisikilizeni vizuri. Daftari la Kudumu ni la kumchagua Rais, Mbunge na Diwani. Uchaguzi wa viongozi wa vijiji, vitongoji na mitaa una daftari lake jingine. Mwaka 2024 watu waliandikishwa katika daftari hilo la pili tangu Oktoba 11 hadi Oktoba 20, na kura ikapigwa Novemba 27. Mtu mwenye kadi ya mpiga kura, ambaye hakujiandikisha katika siku zile kumi, hakuwa na haki ya kumchagua mwenyekiti wa kijiji. Nao ni uchaguzi ulio karibu nawe kuliko wote, maana mwenyekiti ndiye unayemwendea shamba lako likiingiliwa.

Hayo ni mambo ambayo ngoma yaweza kuyasema vizuri kuliko tangazo lililobandikwa ukutani. Wimbo mmoja wenye tarehe, mahali pa kuandikisha, na umri wa miaka 18, ukiimbwa mnadani siku ya soko, utafika machimboni kabla ya barua yoyote.

Najua baadhi yenu mmekunja uso. Mwasema: kura ina faida gani? Oktoba 29, 2025 ilikuwa siku ya uchaguzi mkuu. Vijana katika miji kadhaa walitoka barabarani kwa hasira, damu ikamwagika, watu wakafa. Dar es Salaam watu waliamriwa wasitoke usiku, na intaneti ilifungwa kwa siku kadhaa. Mimi siwezi kusimama mbele ya chombo hiki nikamwambia mama aliyezika mtoto wake kwamba mambo ni shwari. Wala sitamkemea kijana anayeuliza swali hilo, kwa sababu ni swali la haki. Nasema hivi tu: swali lako lisikae kimya tumboni. Litungie wimbo, uliimbe mbele ya watu, mchana.

Tena usidhani kwamba nafasi ya kusema huja mara moja kwa miaka mitano. Kwa sheria, mkutano mkuu wa kijiji ni wa wakazi wote waliofika miaka 18, nao wapaswa kukutana kila miezi mitatu. Hapo hutakiwi kuonyesha kadi ya mpiga kura. Hapo ndipo mapato na matumizi ya kijiji yapaswa kusomwa. Vijana wengi huwaachia wazee mkutano huo, kisha hulalamika kilabuni jioni. Mimi pia nilifanya hivyo, miaka mingi.

Na kwa watu wa jirani ya migodi mikubwa liko jambo la kuuliza. Sheria ya Madini ilibadilishwa mwaka 2017. Tangu hapo mwenye leseni ya mgodi hutakiwa kila mwaka kuandaa mpango wa kuihudumia jamii, na kukubaliana na halmashauri ya mahali hapo. Katika halmashauri anakaa diwani wenu. Basi muulizeni: Mwaka huu mpango una nini? Kijiji chetu kimo? Shule, au zahanati, au kisima? Tazameni jinsi maswali haya yalivyo mafupi. Yanaingia katika wimbo bila shida, manju anauliza na kundi linaitikia.

Huko si kumtukana mtu. Manju wa Kisukuma tangu zamani alikuwa na ruhusa ya kumwambia mkubwa neno ambalo mtu mwingine hakuthubutu kulisema, mradi alifiche kidogo ndani ya mfano. Akisema habari ya fisi aliyepewa kuchunga mbuzi, kila mtu huelewa, na fisi mwenyewe hucheka, ingawa kwa shida.

Sasa kazi ya juma hili. Jigawanyeni makundi mawili, kama Bagalu na Bagika. Kila kundi litunge wimbo mfupi, usizidi mistari minane, kwa Kiswahili au kwa Kisukuma. Ndani yake liwemo swali moja kwa kiongozi wa mahali penu, na iwemo habari moja ya kweli, kama vile siku ya mkutano wa kijiji au mtaa. Anayejua kuandika aandike, asiyejua aseme na mwenzake amwandikie, kisha aunakili mwenyewe ubaoni polepole. Sifa za mtu yeyote zisiwemo. Mkimaliza, imbeni wote kwa pamoja, huku na huku, na wanafunzi wengine watembee waende wanakotaka. Mwalimu ahesabu watu.

Kisha fanyeni tena, lakini safari hii kila mtu aweke punje ya hindi katika chungu kimoja kati ya viwili nyuma ya mlango, asionekane. Linganisheni hesabu mbili hizo. Kama zimetofautiana, zungumzeni kwa nini.

Juma lijalo tutajifunza kusoma karatasi ya mapato na matumizi ya kijiji, safu kwa safu. Mwenye nakala kutoka kijijini kwake aje nayo. Kwaherini.