KILO SI RATILI MBILI
Hotuba kwa wanachama wa tawi



Leo hatukuja kusema juu ya nyongeza ya mshahara. Twataka kusema juu ya mshahara mliokwisha kuutolea jasho, nao waweza kupotea mbele ya macho yenu, hapo penye mizani.

Katika Kenya twaishi na vipimo vya namna mbili. Waingereza walituachia ratili, futi, eka na galoni. Baada ya Uhuru wa 1963 nchi iliingia katika kilo, mita, hekta na lita. Lakini vile vya zamani havikufa, na asiyejua kuvigeuza hupunjwa, au hujipunja mwenyewe.

Tuanze na mchumaji wa majani chai. Wengi wetu husema kilo ni ratili mbili. Sivyo. Kilo ni ratili 2.2. Tuchukue mfano: mtu alikuwa akilipwa senti 10 kwa ratili, kisha akaambiwa, "Sasa twapima kwa kilo, nasi tutakupa senti 20." Akafurahi. Kumbe akichuma kilo 50, hizo ni ratili 110, na haki yake ni shilingi 11. Yeye apata shilingi 10. Kwa siku 26 za kazi amepoteza shilingi 26, yaani zaidi ya kazi ya siku mbili, bure.

Hesabu ya kichwa ni hii. Kugeuza kilo kuwa ratili, zidisha kwa mbili, kisha ongeza sehemu moja ya kumi: 50 ni 100, na 10 juu yake, 110. Kurudi kwenye kilo, gawanya kwa mbili, kisha toa sehemu moja ya kumi. Ndiyo maana gunia la mahindi la ratili 200 likawa gunia la kilo 90.

Na ninyi ndugu wa gereji, inchi moja ni milimita 25.4. Spana ya nusu inchi basi ni milimita 12.7. Ukitia ya milimita 13 itaingia, lakini italegea, ile pembe za nati, na mkono wako uumie.

Mwisho ni kiwanja, mahali ambapo akiba ya miaka mingi huishia. Wauzaji husema kiwanja cha futi 50 kwa 100 ni thumuni ya eka. Hebu tuhesabu. Eka ni futi za mraba 43,560, na thumuni yake ni 5,445. Hamsini mara mia ni 5,000 tu. Zimepungua 445, mahali pa kujenga vyumba vitatu vya futi 12 kwa 12! Na katika hati, ambayo huandikwa kwa hekta, thumuni kamili ni 0.0506, hamsini kwa mia ni 0.0465. Tazameni tarakimu hizo kabla ya kutoa fedha.

Wazee walisema haba na haba hujaza kibaba. Basi na tukikague kibaba chenyewe. Twawaomba kila kikundi kichague watu wawili wa kusimama penye mizani kila jioni, wenye kalamu na daftari. Asiyejua hesabu asione haya; na amwulize mwenzake.

Umoja ni nguvu.