Vita vya Maji Maji katika Uwanja wa Shule: Watoto wa Nchi ya Pamba Wajifunza kwa Ramani

(Hotuba ya Mratibu wa Miradi wa Dayosisi mbele ya kamati za sharika na wabia wa maendeleo, Lagangabilili, Wilaya ya Itilima, Mkoa wa Simiyu)



Nimeombwa kueleza mradi wetu wa kuwafundisha wanafunzi wa Darasa la Tano hadi la Saba habari za Vita vya Maji Maji kwa njia ya ramani ya ardhini. Najua kikao hiki kitaamua kama mradi uendelee au la. Najua pia maswali mliyo nayo. Baadhi ya wazee wetu wanauliza: "Mratibu, Wasukuma hatukupigana vita hivyo. Kwa nini fedha zisinunue madawati?" Wabia nao wananong'ona: "Je, watoto hawatafundishwa kuwachukia Wajerumani?" Na wapo wanaouliza kwa nini Kanisa lifundishe vita ambavyo wamisionari waliuawa. Nitajibu yote, lakini kwanza nieleze kazi yenyewe inavyofanyika.

Somo linaanzia uwanjani. Vifaa ni kamba ya katani, vigingi, debe la jivu, mawe, vizibo vya soda, vifuu vya nazi, ngoma moja na mahindi kidogo. Mwalimu na wanafunzi wanakubaliana kipimo: mita moja ni kilometa 20. Wanaweka kigingi cha Lagangabilili upande wa kaskazini. Kisha wanapima karibu mita 40 kuelekea kusini-mashariki hadi Nandete, katika vilima vya Umatumbi, wilaya ya Kilwa. Hapo mtoto anaelewa kwa miguu yake kwamba ni takribani kilometa 800 kwa mstari ulionyooka. Kwa jivu wanachora mto Rufiji, Kilombero na Ruvuma, pwani ya Bahari ya Hindi na Ziwa Nyasa. Kwa mawe wanaweka Kilwa, Mohoro, Liwale, Mahenge, Njombe na Songea. Kutoka Kilwa hadi Songea ni zaidi ya mita 22. Hesabu, jiografia na historia vinafundishwa kwa pamoja, na mtoto mgumu wa kusoma kitabu anapata nafasi ya kushika kamba na kuongoza wenzake.

Baada ya hapo wanaweka pamba. Hapa ndipo watoto wetu wanawazidi watoto wengi wa nchi hii, kwa sababu pamba wanaijua. Kila mwaka baada ya mavuno wanang'oa masalia na kuyachoma ili kuzuia wadudu. Mwalimu anawauliza: "Ni nini kinachoweza kumfanya mkulima ang'oe pamba iliyo hai?" Kimya kinatanda. Halafu wanaelezwa kwamba wakati wa Gavana von Götzen, watu wa kusini na pwani walilazimishwa kulima mashamba ya pamba ya pamoja chini ya maakida na majumbe, huku mashamba yao ya chakula yakingoja. Ujira ulikuwa mdogo kiasi kwamba wapo waliokataa hata kuupokea. Juu ya hayo kulikuwa na kodi ya nyumba, iliyoanza mwaka 1898. Mwishoni mwa Julai 1905, huko Nandete, watu wakaing'oa pamba. Vita vikaanza.

Sasa inakuja ngoma. Kila jiwe lina mwanafunzi aliyechuchumaa kando yake. Kila pigo la ngoma ni juma moja. Pigo la kwanza, Nandete anasimama. Pigo la pili, tunafika Mohoro, ambako Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alinyongwa tarehe 4 Agosti 1905. Pigo la tatu ni Liwale. Karibu na huko Askofu Cassian Spiss wa Wabenediktini na wenzake waliuawa tarehe 14 Agosti. Pigo la tano ni Mahenge, tarehe 30 Agosti, ambako Wapogoro na Wambunga walishambulia boma na kukutana na bunduki za rasharasha. Mwezi Septemba wanasimama Wangoni na Wabena.

Wapendwa, jambo hili kitabu hulisema kwa mstari mmoja na mtoto akalisahau. Uwanjani analiona kwa macho: aliyetoa dawa alinyongwa mapema kabisa, lakini walioendelea kusimama ni wengi kuliko waliosimama kabla yake. Kwa hiyo wanafunzi wenyewe hugundua kwamba vita havikuwa vya mtu mmoja. Makabila zaidi ya 20, ambayo mengine yalikuwa yamepigana yenyewe kwa yenyewe, yaliunganishwa na uchungu mmoja na imani moja katika maji.

Kuhusu maji hayo, tumewaomba walimu wasiwaruhusu watoto kucheka, na pia wasiwafiche ukweli. Maji hayakuzuia risasi. Katika mkoa wetu, ambako bado tunapambana na ahadi za waganga zinazogharimu uhai wa watu, ni vema mtoto ajue mambo mawili kwa pamoja: kwamba watu hawa hawakuwa wajinga, na kwamba dawa iliyoahidi kuwalinda haikuwalinda.

Sehemu ya mwisho ni ngumu kuliko zote. Kando ya kila jiwe kuna kifuu chenye punje za mahindi. Hilo ndilo ghala la kijiji. Mwalimu anapita na kuvimwaga kimoja baada ya kingine, kwa maana jeshi la Wajerumani lilichoma vijiji, mashamba na maghala ili njaa imalize kazi ambayo bunduki hazikuimaliza. Mwanafunzi mmoja wa kike aliyekuwa ameshika nafasi ya mama wa Kingoni aliuliza: "Mwalimu, mbona na mimi unanimwagia? Mimi sikupigana." Sijasikia swali bora zaidi juu ya vita.

Kisha wanahesabu. Punje moja ni watu 1,000. Hesabu ya serikali ya kikoloni ya waliokufa ni 75,000, yaani punje 75. Mwanahistoria Mtanzania Gilbert Gwassa alikadiria kati ya 250,000 na 300,000, yaani punje 250 hadi 300. Mafungu hayo mawili yanawekwa bega kwa bega, na watoto wanaulizwa kwa nini yanatofautiana. Ni nani alihesabu? Alihesabu waliopigwa risasi tu, au na waliokufa kwa njaa mwaka 1906 na 1907? Wazungu waliokufa walikuwa 15. Hao hawatoshi hata punje moja. Lakini askari wengi waliouawa upande wa Wajerumani walikuwa Waafrika, na watoto wanajadili hilo pia.

Sasa niyajibu maswali yenu.

Kwanza, kwa nini Lagangabilili? Ni kweli vita hivyo havikufika Usukumani. Lakini pamba ilifika, na ndiyo inayolipia sare na daftari za watoto wetu. Zao lile lile lililong'olewa Umatumbi kwa sababu lilikuwa la kulazimishwa, huku kwetu wakulima walilifanya nguvu yao. Mwaka 1955, vyama vya ushirika vya Kanda ya Ziwa viliungana chini ya uongozi wa Paul Bomani ili mkulima asipunjwe kwenye mizani. Mwalimu Nyerere alipozungumza Umoja wa Mataifa mwaka 1956, alivitaja Vita vya Maji Maji na kueleza kwamba safari hii watu wanadai uhuru wao kwa amani. Uhuru ulipatikana tarehe 9 Desemba 1961. Mtoto akiijua njia hiyo yote, kesho akiketi kwenye mkutano wa chama cha msingi atajua kwa nini ni haki yake kuuliza bei na mizani. Madawati tunayahitaji, wala sipingi. Lakini dawati huchakaa, na mtoto anayejua kuuliza hulinda hata fedha za madawati.

Pili, je, tunafundisha chuki? Ndugu zetu wa Ujerumani, tarehe 1 Novemba 2023 Rais wenu Frank-Walter Steinmeier alifika Songea, kwenye Makumbusho ya Maji Maji, akaomba msamaha kwa yaliyotendwa. Kila tarehe 27 Februari watu hukumbuka hapo Nduna Songea Mbano na mashujaa wenzake walionyongwa mwaka 1906. Mwenye kuomba msamaha amekwisha taja kosa. Tukilificha kwa watoto, msamaha huo watauelewaje?

Tatu, kuhusu Kanisa. Sisi Walutheri tumo ndani ya ramani ile. Mwezi Septemba 1905 Wabena walishambulia kituo cha Jakobi cha Misioni ya Berlin, karibu na Njombe. Kazi ya misioni hiyo ni mojawapo ya mizizi ya KKKT iliyoundwa mwaka 1963. Jiwe la Jakobi tunaliweka kama mengine. Mwafrika wa wakati ule alimwona mmisionari na mtoza kodi wakitoka nchi moja, na ni haki tujiulize kwa nini hakuona tofauti. Yoshua aliwaamuru Israeli wachukue mawe 12 kutoka Yordani, ili watoto watakapouliza maana yake, wazazi wawe na jibu. Watoto wetu wameanza kuuliza.

Kwa hiyo ninaleta maombi matatu. Kamati za sharika, turuhusuni kutumia viwanja vya makanisa siku za Jumamosi, maana shule nyingine uwanja wake ni mdogo. Wazazi, msimu wa kuchuma pamba msiwazuie watoto shuleni; somo la pamba ya kulazimishwa halitakuwa na maana ikiwa mtoto wetu mwenyewe analikosa kwa sababu ya pamba. Na wabia wetu, msitununulie ramani za ukutani. Tusaidieni kuwaleta walimu wa shule jirani wajifunze njia hii kwa siku mbili, kwa kuwa kamba, jivu na mahindi tunavyo.